SIKU MOJA GARISSA: MJI WA MAEMBE NA NGAMIA

Watu wengi wa bara na wa pwani wakisikia jina la Garissa hufikiri mambo matatu tu: jua, vumbi na ngamia. Mambo hayo ni ya kweli, wala hapana mwenyeji wa huko atakayeyakana. Lakini liko jambo la nne lisilotajwa sana, nalo ni matunda. Kandokando ya Mto Tana, juu na chini ya mji ule, mna ukanda wa mashamba ya maembe, ndizi, mapapai na matikiti maji, mwembamba kama utepe, wenye kijani kibichi katikati ya nchi ya rangi ya kahawia. Msafiri awezaye kutoa siku moja tu ataweza kuuona, na atajifunza mengi.

Wako ndugu zetu waliopata kufika Ulaya na kutembelea miji midogo ya nchi ya zabibu, kama ile iliyo kandokando ya mito ya Rhine na Mosel katika Ujerumani. Hurudi wakisimulia jinsi vilima vilivyopandwa mizabibu kwa safu tangu karibu na maji hata juu, na jinsi mji mzima unavyoishi kwa tunda moja. Hata karibu na kwetu, katika Tanzania, mji wa Dodoma wajulikana kwa zabibu na divai yake. Garissa hapana divai, maana ni mji wa Waislamu, na kinywaji chake cha sifa ni maziwa ya ngamia. Hata hivyo ni mji wa mto na wa matunda, na mtu aliyeiona miji ile ya Ulaya ataona mambo yanayofanana. Ataona pia jambo moja lisilofanana hata kidogo, nalo ndilo lililonifanya niandike habari hizi.

NJIA YA KWENDA

Nilichagua siku ya Jumatano katika mwezi wa Februari, kwa sababu mbili. Kwanza, Jumatano ndiyo siku kuu ya soko la mifugo la Garissa. Pili, Februari ni katikati ya kiangazi ambacho Wasomali hukiita jilaal, wakati maembe yanapochumwa na wakati uo huo mifugo inapokosa maji porini na kusukumwa kuelekea mtoni. Mtu atakaye kuuona mto ule ukifanya kazi yake yote kwa siku moja, na aende wakati huo.

Safari ilianza Mwingi kabla ya alfajiri. Kutoka hapo hadi Garissa ni karibu kilometa 200, na barabara ni ya lami. Mwanzoni nchi ni ya Wakamba, yenye vilima na mibuyu minene, na mashamba madogo ya mtama na mbaazi. Baada ya Nguni na Ukasi vilima hubaki nyuma, na nchi hushuka polepole pasipo mtu kutambua. Mwingi iko mita zipatazo elfu moja juu ya bahari, na Garissa haizidi sana mita 150. Kwa hiyo kila saa ya mwendo huongeza joto, na mtu aliyeondoka amevaa koti huliweka magotini kabla ya kufika Bangale. Hapo miiba huzidi miti, na ngamia wa kwanza huonekana kando ya njia, wakila majani ya juu bila kujali magari.

DARAJA

Mji wa mwisho kabla ya mto ni Madogo, ulio katika Kaunti ya Tana River. Kisha huja daraja, na ng'ambo ya pili ni Garissa. Mto wenyewe si mpana kama mtu anavyoweza kutazamia, na maji yake ni mekundu kwa udongo. Lakini yafaa msafiri akumbuke maji hayo yametoka wapi. Yameanzia katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, yakapita katika mabwawa matano yanayotoa umeme, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na baada ya safari ya kilometa zipatazo elfu moja yataingia katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Katika nchi kubwa namna hii, ambayo mvua yake ni haba na haina uhakika, huu ndio mto pekee usiokauka.

Daraja hili lina historia nzito pia. Tangu mwaka 1926 serikali ya kikoloni iliifanya nchi ya ng'ambo, iliyoitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, kuwa wilaya iliyofungwa, na mtu hakuweza kuingia wala kutoka pasipo kibali. Baada ya uhuru vikaja vita vya Shifta, vya tangu 1963 hata 1967, na sheria za hali ya hatari ziliendelea katika jimbo lile mpaka 1991. Ndiyo maana wazee wa Garissa walikuwa na desturi ya kumwuliza mgeni atokaye Nairobi: "Kenya hawajambo?" kana kwamba Kenya ni nchi nyingine iliyo mbali. Vijana wa sasa huyasema maneno hayo kwa kucheka. Mgeni afadhali acheke nao, lakini asisahau kwamba hayakuanza kama mzaha.

SOKO LA MIFUGO

Saa tatu ya asubuhi soko lilikuwa limekwisha kujaa. Ni moja ya masoko makubwa ya mifugo katika Afrika Mashariki, na wanyama huletwa kutoka sehemu zote za jimbo na hata kutoka ng'ambo ya mpaka wa Somalia. Wengine wametembea siku nyingi. Mbuzi wa hapa ni weupe, warefu wa miguu. Kondoo ni weupe wenye vichwa vyeusi na mafuta mengi nyuma. Ng'ombe wana nundu, na mbavu zao wakati wa jilaal zaweza kuhesabiwa. Ngamia husimama mbali kidogo na wengine, kila mmoja na alama ya chuma ya moto ubavuni au shingoni, na kwa alama hiyo mtu hujua ni mali ya ukoo gani.

Mnunuzi na mwenye mali hawakutani peke yao. Katikati yao yuko dalali, ambaye kazi yake ni kujua bei, na kazi yake kubwa zaidi ni kujua watu. Mnyama akitokea kuwa wa wizi, dalali ndiye wa kwanza kuulizwa. Jua lilipokaribia utosi, malori ya Nairobi yalikuwa yakipakiwa, na wachungaji waliokwisha kuuza walikuwa wamekaa chini ya migunga wakihesabu noti na kuagiza chai.

Nilimwuliza mchungaji mmoja kwa nini ameuza ng'ombe watatu wakati ambapo, kwa maneno yake mwenyewe, bei ni mbaya. Akanijibu kwamba mvua ya gu haitarajiwi kabla ya mwisho wa Machi au Aprili, na kwamba afadhali auze watatu apate majani ya kuwalisha waliobaki, kuliko kungoja na kuwapoteza wote. Jibu hilo lilikuwa na hesabu iliyofunzwa na maumivu. Katika ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na katika sehemu zile wengi walioamka na mifugo tele walilala maskini.

MASHAMBA

Kutoka sokoni hadi mashambani si mbali, lakini ni kama kutoka nchi moja na kuingia nyingine. Mtu hupita uwanja wa vumbi, huvuka ua wa matawi ya miiba, na mara huwa katika kivuli. Miembe imeshikana juu, migomba imesimama kwa safu katika vijaruba, na sauti ya kwanza inayosikika ni ya mashine ya maji ikinguruma ukingoni. Mashine hiyo, ambayo mara nyingi ni ya dizeli, huvuta maji kutoka mtoni na kuyatupa katika mfereji mkuu. Kutoka hapo hugawanywa kwa jembe, mfereji kwa mfereji, kila mwenye shamba kwa zamu yake.

Kilimo cha ukingo huu si kigeni. Wamunyoyaya na Wamalakote, na Wapokomo walio chini zaidi, wamelima kandokando ya Tana tangu zamani, wakipanda katika udongo ulioachwa na mafuriko. Jipya ni kwamba Wasomali wengi waliokuwa wafugaji, walipopoteza mifugo yao kwa ukame, waliungana katika vikundi, wakanunua mashine, wakafyeka sehemu ya pori la mtoni na kupanda. Mzee mmoja aliyenipokea alikuwa mtu wa namna hiyo. Alinikatia tikiti kwa kisu, akaniambia kwamba baba yake angalimwona akichimba udongo angalimlilia. "Sasa," akasema, "ndugu yangu mwenye ngamia ndiye ajaye kwangu kukopa."

Matunda haya huuzwa mjini Garissa, hupelekwa Wajir na katika kambi za wakimbizi za Dadaab zilizoanzishwa mwaka 1991, na mengine huvuka daraja kwenda bara. Taabu ya mkulima ni ile ile ya kila mkulima wa matunda duniani: maembe yote huiva kwa pamoja, bei huanguka kwa pamoja, na embe halingoji. Watu wa nchi ya zabibu walishinda taabu hiyo zamani kwa kuligeuza tunda lao kuwa kitu kinachokaa miaka. Watu wa Garissa hawatatengeneza divai, lakini ukavu wa hewa na ukali wa jua lile ni jiko lisilolipiwa kuni, na embe lililokatwa vipande na kuanikwa vizuri hukaa miezi. Wanawake wa hapa wanajua vizuri hekima ya kuhifadhi. Nyirinyiri, yaani nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa na kuhifadhiwa katika mafuta, ni kazi ya mikono yao, na hukaa muda mrefu pasipo barafu.

Mkulima ana maadui wengine. Twiga hutoka porini usiku na kula majani ya miembe, maana ni chakula kitamu kilicho kwenye kimo chao hasa. Mti wa mathenge, ulioletwa katika miaka ya 1980 kuzuia jangwa, umekuwa mwenyeji asiyetoka: huziba njia, huziba mifereji, na miiba yake hutoboa viatu. Tena uko mto wenyewe. Mwaka 1997 na 1998, katika mvua za El Nino, ulifurika vibaya. Mnamo Novemba 2023 na tena Aprili 2024 ulipanda, ukameza mashamba, ukaikata barabara karibu na Madogo, hata watu wakavuka kwa mashua. Mashua moja ilizama mwezi huo wa Aprili, na watu wakafa. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba kukaa karibu na maji ni starehe tupu.

MALKA

Sasa nafika kwenye jambo nililosema halifanani na Ulaya.

Nilipokuwa nimekaa na yule mzee chini ya mwembe, tulisikia kengele za mti, zile zinazofungwa shingoni mwa ngamia. Tukatoka kwenda kutazama. Kati ya shamba lake na shamba la jirani palikuwa na uchochoro mpana uliozungushiwa miiba pande zote mbili, na ndani yake walishuka ngamia, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka majini. Wakanywa kwa utulivu, shingo zimenyooka. Ngamia aliyekaa siku nyingi na kiu aweza kunywa lita zipatazo mia moja kwa dakika chache, na wachungaji hawakuwaharakisha. Nyuma yao ng'ombe walikuwa wakingoja zamu, na nyuma ya ng'ombe vumbi la mbuzi lilikuwa likija.

Uchochoro huo huitwa malka. Malka ni njia ya mifugo kushukia mtoni, na kila moja ina jina lake na watu wanaoijua tangu babu zao. Mtu akizitazama kwa macho ya mkulima tu, ataona ni ardhi nzuri iliyoachwa bure: iko karibu na maji, udongo wake una rutuba, na samadi imekwisha kumwagwa na wanyama wenyewe. Kishawishi cha kuisogeza miiba hatua mbili mwaka huu, na hatua mbili mwakani, ni kikubwa. Hivyo ndivyo malka nyingi za mto huu zilivyopungua, na nyingine zimezibwa kabisa.

Katika bonde la Mosel mizabibu yaweza kushika ukingo wote, wala hakuna atakayedhurika, kwa maana nyuma ya vilima vile mvua hunyesha na kila kijiji kina visima na mito yake. Nyuma ya mashamba ya Garissa hakuna hivyo. Nyuma yake pana nchi kavu inayofika hata mpaka wa Somalia, na mifugo isiyohesabika, ambayo katika mwezi wa Februari haina pengine pa kwenda. Ukanda ule wa kijani ukifungwa kabisa, utakuwa ukuta kati ya kiu na maji. Na kiu haibishi hodi. Mchungaji mwenye ng'ombe wanaoanguka atapita katika migomba ya mtu usiku, mwenye migomba ataamka na panga, na asubuhi si habari ya migomba tena.

Haya si maneno ya kutisha watoto. Chini zaidi katika mto huu huu, kwenye delta ya Tana, ugomvi wa mashamba, malisho na maji kati ya wakulima Wapokomo na wafugaji Waorma ulisababisha vifo vya watu zaidi ya 100 kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, wakiwemo wanawake na watoto. Wote wawili walikuwa na haki mkononi. Mkulima hakuwa na kosa kwa kupanda, wala mfugaji kwa kutaka maji. Njia iliyo wazi kati yao ndiyo iliyokosekana.

Yule mzee alinieleza jinsi wao wanavyofanya. Ng'ombe wakiingia shambani, hawaendi kwanza polisi. Wazee wa pande zote mbili hukaa, huenda kutazama uharibifu kwa macho, na mwenye mifugo hulipa. Lakini huulizwa swali la pili: je, miiba ya malka iko pale ilipokuwa? Ikiwa mwenye shamba ameisogeza, fidia yake hupungua au hupotea. Niliona kuwa hukumu hiyo ni ya akili sana. Humlinda mkulima kwa sharti moja tu, kwamba naye amlinde mpita njia.

CHAKULA NA KURUDI

Adhuhuri ilipokwisha nilirudi mjini kula. Wali wa Garissa huletwa na nyama ya mbuzi, na kando ya sahani huwekwa ndizi mbivu, ambayo huliwa pamoja na wali huo huo. Mgeni wa bara huiweka kando akidhani ni ya baadaye, mpaka atazame wenzake. Kisha nikaenda Soko Mugdi. Jina lake latokana na neno la Kisomali lenye maana ya giza. Huko maziwa ya ngamia huuzwa na wanawake ambao wengi wao ndio wanaoendesha biashara hiyo toka mwanzo hata mwisho. Vyombo vyake husafishwa kwa moshi wa kuni, kwa hiyo maziwa huwa na harufu ya moshi na chumvi kidogo, na asiyezoea hunywa kidogo kwanza. Nilipokuwa nikinywa nilitambua kwamba katika meza moja nimepata ndizi za mkulima na maziwa ya mfugaji, na vyote viwili vimetoka katika maji yale yale.

Wako watu wanaoogopa kwenda Garissa. Hofu hiyo haikutoka hewani: tarehe 2 Aprili 2015 chuo kikuu cha mji huo kilishambuliwa na watu 148 wakauawa, wengi wao wanafunzi. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, na vijana kutoka sehemu mbalimbali za Kenya wamesoma humo tangu wakati huo. Msafiri na aulize habari za njia kabla ya kuondoka, achukue kitambulisho chake, maana ukaguzi upo, avae kwa heshima, na abebe maji ya kutosha. Zaidi ya hayo atakuta yale yanayosemwa kila mahali, kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone.

Niliondoka kabla ya saa kumi ili nisichelewe njiani, nikiwa na kikapu cha maembe ambacho sikuruhusiwa kukilipia. Basi msomaji apatapo nafasi, na aende akaone. Atakapokaribishwa katika shamba la ukingoni, na kukatiwa tunda, na kusifu uzuri wa kivuli kile, asiondoke kabla ya kumwuliza mwenyeji wake swali moja: malka iko wapi, na upana wake ni ule ule wa mwaka jana? Akijibiwa ndiyo, na ajue ya kuwa mashamba yale yatakuwapo pia mwakani.